Boikene: Garanti ya miezi sita inarudisha wakimbizi porini

Leo ninataka tuongee juu ya bei ya nyumba katika kartie yetu ya Boikene. Ninajua wengine hawatafurahi. Wengine wao ni jirani zangu, na mmoja ni mwenye nyumba ninamolala, kwani mimi pia ni mpangaji. Lakini kuna mambo ambayo tukiyanyamazia tunakuwa tumeyakubali.

Juma lililopita nilikuta mama mmoja amekaa kando ya barabara kubwa ya kwenda Mavivi, pamoja na watoto wanne, bidoni moja ya njano, godoro lililokunjwa na sufuria mbili ndani ya kikwembe. Alitoka upande wa Mbau. Kwa siku tatu alikuwa anazunguka na komisionere mmoja kutafuta chumba. Kila nyumba aliyoonyeshwa alilipa pesa ya kutembezwa, hata ile ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa tangu asubuhi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, bati lenye matobo, choo kimoja kwa familia nne. Bei: dola 25 kwa mwezi. Garanti: miezi sita. Na mwezi mmoja wa komisionere juu yake.

Hesabu si ngumu. Dola 25 mara sita ni dola 150. Weka dola 25 za komisionere, inakuwa dola 175, kabla mtoto hajala, kabla mtu hajanunua makala wala kandambili. Mama huyo hakuwa na dola 175. Alikuwa na pesa kidogo ya kakao aliyouza kabla ya kukimbia. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia kwenda sokoni: "Papa, kule kakao imeiva. Nikirudi nivune kidogo, nitapata garanti."

Wasikilizaji, munajua maneno hayo maana yake ni nini. Tangu Oktoba 2014 tunazika watu wetu waliochinjwa na ADF, na wengi wao walikutwa shambani. Walikuwa wamekwenda kuvuna kakao, kutafuta muhogo, kuchukua ndizi. Kila mara baada ya mazishi tunauliza: juu ya nini alirudi kule wakati alijua hakuna usalama? Leo nina jibu moja, siyo lote, lakini ni la kweli. Anarudi kwa sababu hapa mjini tumemwomba miezi sita.

Ndiyo neno langu la leo, na nitalisema wazi: garanti ya miezi sita hapa Beni inarudisha watu mikononi mwa wauaji. Hatuwezi kuilaumu ADF peke yake, wala jeshi peke yake, wala Kinshasa peke yake, wakati mlango ambao ungemuokoa mtu ni sisi wenyewe tuliouwekea bei asiyoiweza.

Wazee wa hapa wataniambia kwamba bei ya nyumba haikupanda jana. Ni kweli, na ni vizuri tukumbuke ilivyopanda, maana wengine wanataka kuwabebesha wakimbizi mzigo wote.

Kwanza ilikuja Ebola. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uko Mangina, na baada ya muda mfupi mji wetu ulijaa magari ya riposti. Watu wa riposti walihitaji nyumba za kulala, nyumba za ofisi, nyumba za kuweka vifaa. Hawakubishana bei. Mwenye nyumba aliyekuwa anaomba kidogo alijifunza kuomba nyingi, na kuiomba kwa dola. Riposti ilipomalizika mwaka 2020, magari yaliondoka, lakini ile bei ilibaki hapa kama mgeni asiyejua kuaga.

Halafu ikaja kakao. Bei yake duniani ilipanda sana, hata mwaka 2024 ikapita dola 10,000 kwa tani. Wafanyabiashara wa kakao walijenga, walinunua parseli, walipandisha bei ya kiwanja na bei ya simenti. Sitasema walikosea. Mtu akipata pesa ajenge. Lakini kila ukuta mpya wa matofali uliifanya nyumba ya mbao iliyo pembeni nayo ijione ya thamani.

Halafu Goma ikaanguka. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na uongozi wa jimbo la Kivu ya Kaskazini ukahamia hapa kwetu Beni. Pamoja na gavana walikuja watumishi wa serikali, maafisa, mashirika, na familia zilizokuwa na uwezo wa kufika. Kabla yao, tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa mwishoni mwa Juni 2024, watu wa kusini ya Lubero na wa Rutshuru walikuwa wanapanda kuelekea Butembo na Beni. Wote hao walikuta hapa wakimbizi wetu wa zamani: wa Mbau, Eringeti, Mayi-Moya, Kamango, wengine ambao wamekwisha kukimbia mara tatu au mara nne katika maisha yao.

Basi watu ni wengi, nyumba ni zile zile. Hata mtoto wa shule ya msingi anaelewa kwamba bei itapanda. Ila mimi ninauliza: nani anaipandisha? Mkimbizi hana nguvu ya kupandisha bei. Yeye hakuandika kibao mlangoni. Hakuamka asubuhi akasema chumba cha dola 10 sasa ni cha dola 25. Yeye anafika usiku, amebeba mtoto, anaambiwa bei. Kwa hiyo nikisikia mtu pale soko la Kilokwa akisema "wakimbizi wametuharibia bei", ninataka kumwambia: ndugu, hapana. Bei iliharibiwa na yule aliyeona mtu anakimbia kifo akafikiri, huyu hawezi kukataa.

Na shida hii haiwaumi wakimbizi peke yao. Ninamjua mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa amepanga hapa Boikene kwa miaka mingi, hana deni hata la mwezi mmoja. Mwenye nyumba alimwambia jioni kwamba mwisho wa mwezi atoke, kwa sababu kuna agenti wa shirika anayetaka nyumba hiyo kwa bei mara mbili. Mwalimu akasogea mbali zaidi, na huko alikosogea naye akachukua chumba ambacho labda mkimbizi angekichukua. Ndivyo inavyokwenda: mwenye dola nyingi anamsukuma mwenye kidogo, mwenye kidogo anamsukuma asiye na kitu, na asiye na kitu anasukumwa mpaka porini.

Sasa tufungue hiyo garanti yenyewe tuone ndani kuna nini. Maana watu wengi wanailipa bila kuuliza ni ya nini.

Garanti siyo pesa ya nyumba ya miezi inayokuja. Garanti ni amana. Mpangaji anaiweka kwa mwenye nyumba ili siku akivunja dirisha, au akiondoka na deni, mwenye nyumba asipate hasara. Siku anapotoka, kama hakuna deni wala uharibifu, anarudishiwa pesa yake. Hiyo ndiyo maana yake.

Hapa kwetu inafanywa namna gani? Mwenye nyumba anapokea miezi sita Jumatatu, Jumanne yuko dukani ananunua bati na misumari kwa nyumba ingine nyuma ya parseli. Siku mpangaji anataka kuondoka anaambiwa: "Mimi sina pesa, kula garanti yako." Anakaa mle ndani miezi sita mingine hata kama kazi iko Butembo, hata kama mtoto mgonjwa anahitaji pesa hiyo hospitalini. Wengine wanaondoka bila chochote. Na wanaposhtaki wanaulizwa: karatasi iko wapi? Karatasi haiko. Pesa ilitolewa mkono kwa mkono, mbele ya komisionere ambaye leo amebadilisha namba ya simu.

Tuseme ukweli. Mkimbizi anayelipa garanti ya miezi sita anamkopesha mwenye nyumba pesa bila faida, bila karatasi, bila tarehe ya kurudishiwa. Maskini anamkopesha mwenye mali. Kama si vita, nani angekubali biashara ya namna hiyo?

Na sheria inasema nini? Sheria iko, na haikuandikwa jana. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupanga nyumba zisizo za shughuli za kibiashara za kitaalamu. Inasema kwamba kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite miezi mitatu. Mitatu, siyo sita, wala siyo kumi. Huko Kinshasa, ambako watu walizoea kuombwa hata miezi kumi, mwaka 2025 viongozi wa mji walisimama mbele ya wakaaji kusema miezi mitatu iheshimiwe. Najua kutangaza ni jambo moja na kufuata ni lingine. Lakini wao angalau wametangaza. Sisi hapa, wenye vita, wenye wakimbizi katika kila avenyu, tunangoja nini?

Ninajua wenye nyumba watanijibu. Nimekaa nao, nimewasikiliza, na sitasema wote ni watu wabaya. Wacha niweke maneno yao hapa, niyajibu moja moja.

Wanasema: "Vifaa vya ujenzi vimepanda, simenti na bati vinatoka Uganda kupitia Kasindi, na barabara hiyo nayo haina usalama." Ni kweli. Mtu anayejenga leo anaumia. Lakini ile nyumba ya mbao niliyoisema haikujengwa leo. Mbao zake zimekuwa nyeusi kwa uzee. Bati lake lilikuja wakati baadhi ya watoto wetu hawajazaliwa. Haiwezekani simenti ya mwaka huu ipandishe bei ya nyumba ambayo haina hata ndoo moja ya simenti.

Wanasema: "Serikali inatulipisha kodi juu ya nyumba, ile ya IRL." Ni kweli pia. Ila kodi hiyo ni juu ya mapato ya mwenye nyumba. Siyo mzigo wa kuweka kichwani kwa mpangaji. Na tuulizane kwa upole: kati ya wale wanaolia juu ya IRL, ni wangapi wanaoilipa kweli? Ukiiogopa kodi, usiitumie kama sababu. Ukiilipa, onyesha karatasi, na sisi tutakuwa wa kwanza kuuliza serikali pesa hiyo inafanya nini juu ya barabara ya kartie yetu.

Wanasema: "Wapangaji wanakimbia usiku na madeni." Inatokea. Nimeona nyumba imeachwa na milango imevunjwa, mpaka balbu imechukuliwa. Mwenye nyumba huyo alikuwa mjane, na pesa ile ndiyo ilikuwa inasomesha watoto wake. Sitamcheka. Lakini miezi mitatu ya sheria iliwekwa kwa ajili ya hasara ya namna hiyo. Mtu akidaiwa mwezi mmoja, au miwili, garanti ya miezi mitatu inatosha. Ile mitatu ya juu ni ya nini kama si ya tamaa?

Na wanasema: "Hatujui wanatoka wapi. Tukimpokea mtu asiyejulikana, labda ni adui." Neno hili ninaliheshimu, kwa sababu sisi tumeumizwa na watu waliojificha kati yetu. Lakini pesa haijulishi mtu. Adui akitaka chumba atalipa miezi sita, hata miezi kumi na miwili, bila kubisha. Anayeshindwa kulipa ni yule mama wa Mbau. Usalama unatoka kwa mkuu wa avenyu, kwa mkuu wa nyumba kumi, kwa kuandikisha kila anayelala kwako. Garanti kubwa haichuji adui. Inachuja maskini.

Sasa niguse kidonda. Watu wa Boikene, tumesahau?

Novemba 2019. Jeshi lilikuwa limeanza operesheni kubwa, na adui akaanza kulipiza juu ya raia. Alituingilia hapa hapa, usiku. Tulizika. Watu wakakasirika, meri ikachomwa moto. Na wengi wetu tulifunga milango, tukapanda moto na magari, tukaenda katikati ya mji, wengine Butembo, wengine hata Kasindi. Kartie ilibaki ukiwa. Nakumbuka wenye parseli waliokuwa wanatafuta mtu yeyote akae ndani ya nyumba yao bure, alinde tu mlango na madirisha yasiibiwe. Bure! Nyumba ya Boikene wakati ule haikuwa na bei, kwa sababu hakuna mtu aliyetaka kulala hapa.

Na sisi tuliokwenda Butembo tulilala kwa nani? Tulilala kwa shangazi, kwa wajomba, kwa watu wa kanisa moja, kwa watu tuliokutana nao njiani. Familia moja ilipokea familia tatu sebuleni. Asubuhi tulikunja mikeka ili watoto wa mwenye nyumba wapate pa kunywa chai. Kuna wenye nyumba wa Butembo waliotuambia, kaeni kwanza, mambo ya pesa tutayaongea mkipumua. Wengine walitukamua pia, na sisi tulirudi tukiwasema vibaya. Basi leo tuko kwenye nafasi yao. Tunachagua kufanana na wapi kati ya hao wawili?

Nisiwasahau wenye roho nzuri, maana wako, na kama hatuwataji watafikiri wema haufai. Hapa Beni hatukuwa na kambi kubwa kama zile zilizokuwa pembeni ya Goma, kama Bulengo au Kanyaruchinya. Wakimbizi wengi wanakaa ndani ya familia. Mama mmoja wa avenyu yetu, muuza sombe, amekaa na watu kumi na mmoja ambao si wa tumbo lake. Chakula ni kile kile cha zamani, sasa kinagawanywa mara mbili. Hakuna shirika lililomuuliza anaishi namna gani, kwa sababu orodha za msaada zinamtafuta mkimbizi, hazimtafuti aliyempokea. Papa mmoja mwenye vyumba vinne alichukua garanti ya mwezi mmoja tu kwa familia ya Eringeti, na akaiandika kwenye karatasi, wakasaini mbele ya mkuu wa avenyu. Nilimuuliza juu ya nini. Akasema: "Mwezi mmoja unanitosha kurekebisha kilichovunjika. Mengine ni riziki yao." Hayo ni maneno ya mtu aliyelala sebuleni kwa mtu mwingine mwaka 2019.

Nakuja sasa kwa makomisionere. Ndugu zangu, ninyi ni vijana wetu. Wengi wenu mulisoma, mukakosa kazi, mukaingia katika kazi hii kwa sababu simu na miguu inatosha. Kazi yenu ina faida: mtu mgeni hajui kartie, ninyi munaijua. Lakini kuna mambo mawili lazima muyaache. La kwanza, kumtembeza mtu kwenye nyumba ambayo munajua imekwisha kupangwa, ili mupate pesa ya kutembeza. Huo ni wizi, tusitafute jina lingine. La pili, kumwambia mwenye nyumba: "Papa, omba zaidi, wako wengi." Bei ikipanda, mwezi wenu nao unapanda, ndiyo maana munasema hivyo. Lakini munakata tawi munalokalia. Siku kartie yote itakapokuwa ya watu wa dola, mutapanga wapi ninyi wenyewe, munaoishi katika vyumba vya wazazi wenu?

Na viongozi. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na meya wetu ni afisa wa polisi. Tunaambiwa utawala huu ulikuja kulinda raia. Vizuri. Basi kumlinda raia kunaanza na mahali anapolala. Amri ya kutotembea usiku tumeiona ikitangazwa asubuhi na kufuatwa jioni. Kwa nini amri ya miezi mitatu isitangazwe vile vile? Haihitaji bajeti wala risasi. Sheria imekwisha kuandikwa Kinshasa. Inahitaji karatasi moja, muhuri, na redio zetu kuisoma kwa Kiswahili na kwa Kinande mpaka kila mtu aijue.

Kwa hiyo tunaomba nini? Nitasema mambo matano, na ninaomba shirika la raia, makanisa, miskiti na vikundi vya wamama vya Boikene viyachukue kama yao.

Kwanza, meya atangaze kwamba katika mji wa Beni garanti ya nyumba ya kukaa haipiti miezi mitatu, kama sheria inavyosema. Na kwa familia iliyoandikishwa kama ya wakimbizi wa vita, tuwaombe wenye nyumba wakubali mwezi mmoja, au walipwe garanti kidogo kidogo.

Pili, kila pesa inayotolewa iandikwe. Karatasi moja, majina mawili, bei, tarehe, na saini ya mkuu wa avenyu kama shahidi, bila kumlipisha mtu kwa saini hiyo. Mkuu wa nyumba kumi anajua nani analala kwako. Ajue pia unamlipisha ngapi.

Tatu, mtu asitolewe nyumbani kwa maneno ya jioni moja kwa sababu amekuja mwingine mwenye dola nyingi. Apewe taarifa mapema, apate muda wa kutafuta, hasa kama watoto wako shuleni.

Ya nne ni juu ya mashirika na watumishi waliokuja na dola. Wasikubali kila bei wanayoambiwa. Ninyi munasema mumekuja kusaidia wakimbizi. Lakini munapolipa mara mbili bila kubisha, bei hiyo inamwangukia yule mkimbizi muliyekuja kumsaidia. Na munapogawa msaada, kumbukeni pesa ya nyumba. Unga na mafuta ni vizuri, lakini mtu hawezi kulala ndani ya gunia la unga. Kumbukeni pia familia zilizowapokea.

Tano, wenye parseli wenyewe wakutane kwa avenyu, wakubaliane bei ya chumba cha mbao na bei ya nyumba ya matofali. Hakuna anayewajua wenye nyumba kuliko wenye nyumba wenzao. Anayeomba miezi sita asikie aibu mbele ya jirani zake, siyo mbele ya mwandishi tu.

Na kwenu ninyi wakimbizi, ndugu zetu, nina neno pia, kwa sababu haki ina pande mbili. Ukipata chumba, kitunze kama chako. Usichome mbao za ukuta kwa kupikia. Ukikosa pesa mwisho wa mwezi, nenda umwambie mwenye nyumba kabla hajaja kukuuliza, usimkimbie. Usitoe pesa bila karatasi, hata kama unaona haya kuomba karatasi. Kama hujui kusoma, peleka mtoto au jirani anayejua. Na usikubali kumlipa komisionere kabla hujaingia ndani ya nyumba na kuongea na mwenye nyumba mwenyewe. Mkimbizi mmoja anayetoroka na deni anawafungia mlango kumi wanaomfuata.

Zaidi ya yote, ninawaomba: kabla hujaamua kurudi shambani kutafuta garanti, njoo uulize kwanza. Nenda kwa mkuu wa avenyu, kwa katekista, kwa pasta, kwa imamu, kwa wamama wa soko. Labda kuna chumba ambacho hakikutangazwa. Labda kuna mtu kama yule papa wa mwezi mmoja. Kakao itaiva tena.

Yule mama wa kando ya barabara, jioni ile tulitafuta naye. Muuza sombe niliyemtaja alisema anaweza kumweka kwa siku chache, yeye na watoto, na godoro lao. Kwa hiyo sasa nyumba ile ina wageni kumi na sita. Nilipopita juzi, mama alikuwa anafua nguo za watu ili apate franga za kuanza. Bado anaongea juu ya kakao yake. Bado anahesabu. Dola 175 ni mbali sana kwa mtu anayefua nguo, na kila siku inayopita njia ya Mbau inaonekana fupi zaidi.

Kama garanti ingekuwa miezi mitatu na komisionere angeacha sehemu yake, angebakiza dola 75 za kutafuta. Kama ingekuwa mwezi mmoja, dola 25. Hizo angezipata hapa hapa mjini, kwa kufua, kwa kubeba mchanga, kwa msaada wa kanisa. Tofauti kati ya hesabu hizi inaonekana ndogo kwa mwenye parseli. Kwa mama huyu inaamua kama atalala Boikene au atalala kule.

Papa mwenye nyumba, mama mwenye parseli: mlango ni wako, na hakuna anayekunyang'anya. Tunakuomba tu ukumbuke mwaka 2019 unapotaja bei.

Wasikilizaji wetu, kama munaishi hapa Boikene au kartie ingine ya mji na muna la kusema, hata kama ni kunipinga, leteni kwenye redio yetu au munisimamishe njiani kama munavyofanya kila siku. Wenye nyumba nao tutawapa nafasi ya kujibu. Mulale salama, na asiye na pa kulala, Mungu amfungulie mlango, na sisi tusimfungie.